Kichanga anapata nafuu kwenye dripu, akirudishwa kwenye ziwa anazidiwa tena: magonjwa ya kurithi tunayoyazika kwa jina la maambukizi

Nesi wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Bandiko ni refu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Niko wodi ya vichanga hapa Kigoma, hospitali sitaitaja. Kuna mtoto ambaye kila aliyekaa wodi hizi ameshamwona. Kazaliwa na kilo tatu na kitu, kalia palepale, kanyonya, mama karuhusiwa kesho yake. Siku ya tatu au ya nne wanarudi naye: hanyonyi, kalegea, anatapika, pengine macho ya njano, pengine degedege. Tunaandika maambukizi ya damu, tunaanza ampisilini na jentamaisini, na kwa kuwa hawezi kunyonya tunamtundikia D10, yaani dripu ya maji ya sukari ya asilimia kumi. Siku ya pili anafumbua macho na kulia kwa nguvu. Kila mtu anafurahi, dawa imefanya kazi. Mama anaambiwa aanze kunyonyesha. Haichukui muda, mtoto yuko palepale alipokuwa.

Wengi wa hao ni maambukizi kweli, nisieleweke vibaya. Kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi ndivyo vinavyotuulia vichanga wengi zaidi kuliko ugonjwa wowote nitakaoutaja hapa. Lakini mtoto anayepata nafuu kila maziwa yakisimama na kuharibika kila yakirudi, huyo ana habari ya maziwa. Na mama akikwambia kwa sauti ya chini kwamba huyu ni wa pili kumwendea hivi, kalamu ikae chini kwanza, umsikilize.

Chakula kikishaingia mwilini kinapita hatua nyingi, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoifanya kazi ya hatua hiyo. Mtoto akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, kimeng'enya kimoja kinakosekana. Ni kama reli ikikatika kati ya Tabora na Kigoma: mizigo inarundikana Tabora, na huku madukani hakuna kitu. Ule mrundikano ni sumu kwenye ini na ubongo, na kile kinachokosekana mara nyingi ni nguvu, yaani sukari ya kuendeshea mwili. Tumboni mtoto hana shida kwa sababu kondo la nyuma linamsafishia. Kazi inamwanza akikatwa kitovu na kuanza kula mwenyewe, ndiyo maana anazaliwa mzuri.

Daktari Mwingereza Archibald Garrod aliandika habari hizi mwaka 1902, akiangalia watu ambao mkojo wao unageuka mweusi. Aligundua kwamba wazazi wa wengi wao walikuwa binamu. Leo magonjwa ya kundi hili yanayojulikana yamepita elfu moja. Moja moja ni adimu sana, ukiyajumlisha si adimu kiasi hicho.

Nianze na linalohusu maziwa moja kwa moja, linaitwa galaktosemia. Sukari ya maziwa, laktosi, inavunjwa kuwa glukosi na galaktosi. Mtoto huyu hana kimeng'enya cha kuimaliza galaktosi. Kadiri anavyonyonya ndivyo ini linavyoharibika: manjano, kutapika, tumbo kujaa, damu kuchelewa kuganda pale ulipomchoma sindano, na mtoto wa jicho akiwa bado kichanga. Na hapa ndipo tunapodanganyika. Watoto hawa hushikwa kirahisi na bakteria aina ya E. koli kwenye damu. Kwa hiyo maambukizi unayoyatibu yapo kweli, dawa inafanya kazi kweli, ila chini yake kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyekiuliza.

Akijulikana mapema anaondolewa maziwa yote yenye laktosi na kupewa maziwa maalumu ya soya ya watoto wachanga. Ini linapona kwa kasi ya kushangaza. Baadhi yao hubaki na shida ya kuongea au ya kujifunza wakikua, na wasichana wengi ovari zao hushindwa mapema, lakini wanaishi. Asipojulikana, wengi tunawazika kabla ya mwezi.

Mengine nitayataja mkiuliza. Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ombi langu ni dogo. Kichanga yeyote aliyelegea, pima sukari hapohapo. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, mpe D10 mililita 2 kwa kila kilo, halafu dripu iendelee. Kisha muulize mama amezaa mara ngapi na wako hai wangapi, na waliokufa walikufaje, siku ya ngapi, wa kike au wa kiume. Yaandike. Kadi zetu zina nafasi ya idadi ya mimba, namna ya kufa haina mahali, inabaki kichwani mwa mama.

---

Mgebuka Mkavu

Mkuu umeongea. Ila huku kwetu vijijini mtoto wa hivyo hafiki kwako. Wanasema ana meno ya plastiki, anapelekwa kwa bibi anachokonolewa fizi. Au chango, ananyweshwa mizizi.

---

Nesi wa Gungu

Mgebuka hapo umegusa penyewe. Meno ya plastiki tunawapokea kila mara. Fizi imechanwa pale pembeni ambapo jino la chonge litaota, mtoto ana homa, damu imepungua, na bado anatapika kwa sababu kilichokuwa kinamtapisha hakiko mdomoni. Ile nyeupe wanayoitoa na kumwonyesha mama ni jino lenyewe ambalo halijakomaa.

Dawa ya chango shida yake nyingine ni kwamba mtoto mwenye tatizo la umetaboli, yaani la kusindika chakula mwilini, akikaa saa nyingi bila kula, huku ananyweshwa mizizi, sukari inashuka kabisa. Yako magonjwa ya kundi hili ambayo mtoto hana shida na chakula chochote, shida yake ni njaa. Mwili wake hauwezi kuchoma mafuta pale sukari inapoisha. Akiugua malaria na kukataa kula usiku mmoja, asubuhi hazinduki. Tunasema malaria imepanda kichwani.

---

Fundi Maabara

Nichangie kidogo upande wangu. Watu wanadhani haya yote yanahitaji mashine za Ulaya. Galaktosemia unaweza kuishuku na vitu vilivyopo. Mnakumbuka kidato cha nne, practical ya baiolojia, Benedict? Ile bluu unayoichemsha na chakula inageuka kijani, njano, mpaka nyekundu ya tofali. Chukua mkojo wa kichanga ambaye anakunywa maziwa. Pima kwa ile stripu ya kawaida ya sukari: haionyeshi kitu, kwa sababu stripu inatambua glukosi peke yake. Chemsha mkojo uleule na Benedict: rangi inageuka. Maana yake kuna sukari nyingine humo ambayo si glukosi.

Tahadhari. Mtoto akiwa ameshakaa kwenye D10 bila maziwa siku mbili, kipimo kinaweza kuonyesha hamna kitu. Na ini likiwa limeharibika kwa sababu nyingine yoyote, au kuna dawa fulani za bakteria kwenye mkojo, rangi inaweza kugeuka pia. Kwa hiyo ni kipimo cha kukutia shaka tu, huwezi kumpa mtu jina la ugonjwa kwa hicho.

---

Nesi wa Gungu

Fundi ubarikiwe. Naongeza: mkojo wa kichanga unaupata kwa kuvizia na kikopo baada ya kunyonya, usiukamue kwenye nepi ya pamba iliyofuliwa kwa sabuni.

---

Kibirizi Kwanza

Mimi mke wangu amejifungua wiki mbili sasa, mtoto anacheua kila akinyonya. Kwa huu uzi naona bora aache ziwa tumpe maziwa ya mbuzi. Au nakosea?

---

Nesi wa Gungu

Unakosea baba, tena tafadhali usifanye hivyo. Mtoto anayecheua na bado anaongezeka kilo, anakojoa, analia kwa nguvu, ni mtoto mzima. Ziwa la mama ndilo sahihi kwa karibu watoto wote waliowahi kuzaliwa Kigoma. Na hata angekuwa na galaktosemia, maziwa ya mbuzi yana laktosi, ya ng'ombe yana laktosi, ya kopo la kawaida yana laktosi. Ungemtoa kwenye ziwa salama ukamtia kwenye kuhara bila kuponya chochote. Soya unayoisaga nyumbani nayo haimtoshi kichanga. Kusimamisha maziwa ni uamuzi wa wodini, dripu ikiwa mkononi na sukari ikipimwa kila baada ya saa chache.

Mpeleke akapimwe uzito, basi.

---

Kibirizi Kwanza

Asante dada, nimekuelewa. Kesho asubuhi tupo kliniki.

---

Mwana wa Kasulu

Mleta uzi haya ni magonjwa ya wazungu. Tuna malaria, tuna utapiamlo, tuna njiti, wewe unatuletea vimeng'enya. Hata ukijua, dawa iko wapi?

---

Nesi wa Gungu

Nusu ya hoja yako naikubali. Fenilketonuria, ambapo mwili hauwezi kuvunja sehemu moja ya protini, ambao ndio maarufu kuliko yote, kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni adimu kweli, na kwa wazungu ni kama mtoto mmoja kwa kila elfu kumi hadi kumi na tano. Lakini kila watu wana yao. Glutariki asiduria, inayomwacha mtoto amepinda mikono na shingo baada ya homa moja tu, iko juu kwa Waxhosa wa Afrika Kusini. Galaktosemia kwa watu wenye asili ya Afrika ina badiliko lake la jeni, linaitwa S135L, ambalo linamwachia mtoto nguvu kidogo ya kimeng'enya kwenye ini. Akitolewa kwenye maziwa mapema, hufanya vizuri kuliko wengi wa Ulaya. Waliyapata haya kwa sababu walipima. Sisi hatupimi, kwa hiyo hayapo, si ndiyo?

Na selimundu je? Nayo inarithiwa kwa mtindo huuhuu, baba anachangia na mama anachangia, kila mimba robo ya uwezekano. Mabibi zetu walizika watoto wa selimundu kwa majina mengine kabisa.

Dawa: magonjwa mengi ya kundi hili hayana dawa ya kuponya, yana chakula cha kuepuka au cha kuongeza. Moja nitalitaja kwa sababu linachekesha kwa urahisi wake. Kuna watoto ambao ini linaweka akiba ya sukari lakini haliwezi kuitoa. Tumbo kubwa kwa sababu ya ini, mashavu ya duara, na kila wakilala saa chache wanaamka wanatetemeka au hawaamki. Kichanga analishwa kila saa mbili tatu, usiku kwa mpira wa puani ikibidi. Akikua kidogo, kuanzia miezi sita mpaka mwaka hivi kadiri daktari atakavyoona, wanampa konflawa. Hiyohiyo ya dukani, imekorogwa kwenye maji ya baridi, mbichi, kwa vipimo vya daktari. Haipikwi. Ukiipika ikawa uji inasagika tumboni haraka na sukari inashuka tena baada ya muda mfupi. Mbichi inamshikilia kwa saa kadhaa. Matibabu haya yalichapishwa 1984 na yanatumika duniani kote mpaka leo.

Sasa niambie konflawa ni dawa ya wazungu.

---

Mwana wa Kasulu

Hapo umenibana. Endelea.

---

Binti Ujiji

Dada nesi, naandika nikiwa natetemeka kidogo. Nimezaa watano. Wasichana wawili wako shule. Wavulana watatu wote walikufa ndani ya wiki ya kwanza, wote mtindo mmoja: siku mbili wazuri, siku ya tatu hanyonyi, anahema haraka, halafu anakuwa kama kalala tu. Hospitali waliandika maambukizi, mara ya pili waliandika nimonia. Mama mkwe alisema tumbo langu halishiki wanaume. Mume ameoa mwingine. Mama yangu mzazi naye alizika kaka zangu wawili wachanga. Hii inaweza kuwa hayo unayosema?

---

Nesi wa Gungu

Pole sana dada yangu. Pole mno.

Siwezi kukuambia ni nini kwa kusoma tu hapa, wala asikudanganye mtu humu. Lakini ulivyoeleza, wavulana wanakwenda na wasichana wanabaki, na upande wa mama yako ilikuwa vilevile, ni mpangilio ambao daktari wa watoto akiusikia lazima akae vizuri kwenye kiti. Uko ugonjwa wa mzunguko wa urea, unaitwa kwa kifupi OTC. Protini ya maziwa ikishatumika inabaki amonia, ambayo ni sumu, na ini linatakiwa kuigeuza urea itoke kwa mkojo. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Msichana ana X mbili, moja ikiwa mbovu nyingine kwa kawaida inambeba. Mvulana anayo moja tu. Mama mwenye jeni hiyo mara nyingi ni mzima kabisa wala hajui, na kila mvulana anayemzaa ana nusu kwa nusu.

Kuhema haraka ulikokuona ndiko kunakotupoteza wengi. Amonia inachochea upumuaji. Ukimsikiliza kifua ni kisafi, lakini karatasini tunaandika nimonia kwa sababu anahema.

Na la mama mkwe. Jeni haichaguliwi na mtu. Huu mmoja unapitia kwa mama, mengi mengine yanataka baba na mama wote wawili. Hakuna tumbo linaloua.

Mabinti zako wawili nao wanaweza kuwa wamebeba, kwa hiyo habari hii usiizike. Iandike: majina, tarehe, siku walizougua, pamoja na ya kaka zako.

---

Mzee wa Isevya

Salaam kutoka Tabora. Nauliza kama mzazi. Familia yetu tumezoea mtoto wa mjomba kuolewa na mtoto wa shangazi, ili mali na heshima vibaki nyumbani. Mwanangu anataka kuoa binamu yake mwezi ujao. Tuvunje?

---

Nesi wa Gungu

Shikamoo mzee wangu. Kuvunja au kutovunja ni la familia na dini yenu. Hesabu yenyewe iko hivi: binamu wa kwanza wanashirikiana moja ya nane ya jeni zao. Kwa watu wasio ndugu, watoto wawili au watatu katika mia huzaliwa na kasoro kubwa au ugonjwa wa kurithi. Kwa binamu ni kama mara mbili ya hapo. Maana yake wengi mno wa watoto wao watakuwa wazima. Ila kama kwenye ukoo wenu kuna vichanga waliokufa kwa mtindo mmoja, au watoto wenye selimundu, hapo uzito unabadilika. Waulizeni mabibi, wao ndio wanaojua nani alizikwa bila hata jina. Kipimo cha selimundu kwa wote wawili mnaweza kufanya kabla ya ndoa.

---

Fundi Maabara

Kuna mtu kaniuliza inbox kuhusu harufu. Ni kweli, yako magonjwa yenye harufu. Moja mkojo na hata nta ya sikio vinanuka sukari iliyoungua, lingine linanuka soksi zenye jasho. Hata fenilketonuria ilianza na pua ya mama. Norway, mwaka 1934, mama mmoja, Borgny Egeland, alihangaika kwa madaktari akisema watoto wake wawili wana harufu isiyo ya kawaida na akili zao haziendi. Alisikilizwa na daktari Asbjørn Følling, aliyetia kloridi ya chuma kwenye mkojo, ukageuka kijani.

---

Nesi wa Gungu

Hapo kwenye sukari iliyoungua niwatahadharishe wenzangu, hasa mnaopokea akina mama wa Ujiji na wenye asili ya pwani. Uulize kwanza kama mama amekunywa uwatu. Uwatu ukinywewa wakati wa uchungu au baada ya kujifungua unampa mtoto harufu ileile kabisa, na imeshawahi kuwababaisha madaktari wa nchi zenye kila kipimo. Mtoto anayenuka uwatu na ananyonya vizuri, mwache.

---

Mwana wa Kasulu

Swali la mwisho kwangu. Amonia mnapima hapo Kigoma?

---

Nesi wa Gungu

Ninapofanya kazi mimi hatupimi. Na damu ya amonia haisafiri: inatakiwa iwekwe kwenye barafu na ifike kwenye mashine haraka, ikichelewa namba inapanda yenyewe na kukudanganya. Kwa hiyo kuituma Bugando, Mwanza, kwa basi ni kazi bure. Mtoto mwenyewe ndiye wa kusafiri, na asafiri na dripu ya sukari, si na ziwa.

Kinachosafiri ni tone la damu lililokauka kwenye karatasi. Manesi wa kliniki mnaijua kazi hii kuliko mtu yeyote. Ile kadi ya kutoboa kisigino mnayomchukulia mtoto wa mama mwenye VVU akifika wiki sita ni teknolojia ileile ambayo Mmarekani Robert Guthrie aliianzisha miaka ya 1960 kwa ajili ya fenilketonuria, halafu wa VVU wakaichukua baadaye. Matone manne matano, yakauke kivulini, yafungwe yasipate unyevu. Inakaa. Inaweza kwenda Dar, inaweza kwenda Afrika Kusini ambako Chuo Kikuu cha North-West pale Potchefstroom wana maabara ya magonjwa haya. Gharama ipo, na ni ya kujadiliwa na daktari anayetuma.

Ndiyo maana nawaomba: mtoto akiwa mahututi na mmeshuku, chukueni matone hayo na mkojo kidogo kabla hajaondoka. Inauma kumwambia mama hivyo saa ile, najua. Lakini akishazikwa hakuna cha kupima tena, na mimba inayofuata inakuja na swali lilelile.

Binti Ujiji, kama una mimba au unafikiria kubeba nyingine, usisubiri uchungu. Nenda kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa na ile karatasi ya majina, omba daktari wa watoto akuandikie mpango kabla: ujifungulie Bugando au Muhimbili, mtoto apimwe sukari na amonia siku ya kwanza, na kama ni mvulana asianze ziwa mpaka daktari aseme. Barua hiyo ikae kwenye kadi yako ya kliniki, nakala nyingine awe nayo mtu atakayekusindikiza. Nimekutumia inbox.

---

Binti Ujiji

Nimeiona dada. Ni miezi minne sasa. Jumatatu naenda.